Mbwa anamngurumia dada wa kazi akimkaribia mtoto: ndio ulinzi?

Muulizaji: Wakuu, mbwa ni German Shepherd dume, miaka 3. Mtoto ana miezi 10, anatambaa. Mbwa hulala kando ya mkeka wa mtoto. Dada akija kumbeba, anasimama katikati na kunguruma. Kwa mama yuko kimya. Bibi anasema tumwache, ndiyo kazi yake. Tumwache?

Jibu 1: Msimwache. Kwanza angalieni ananguruma wapi. Ikiwa ni mkekani tu, na uani dada akimbeba mtoto hana neno, basi anagombea mahali, au makombo ya biskuti yanayodondoka pale. Huyo kesho atamngurumia mtoto mwenyewe. Ikiwa ni popote dada alipo, anamhofia dada (ufagio wa kumfukuzia jikoni huleta hayo sana).

Kabla ya mngurumo kuna dalili: mdomo unafungwa ghafla, mwili unakakamaa, weupe wa jicho unaonekana pembeni, analamba pua na chakula hakipo. Mkia nao unadanganya. Ukitikisika huku uko juu na mgumu, ni onyo.

Na msimpige kwa kunguruma. Hofu itabaki, onyo litaondoka, halafu mtashangaa ameuma bila taarifa.

Jibu 2: Naongezea mazoezi. Mkeka wa mtoto uwe marufuku kwa mbwa, apewe gunia lake nyuma ya kizuizi. Anzeni bila mtoto: fungeni mwanasesere kwenye kanga, mlaze mkekani. Mbwa awe kwenye kamba ya mita 2, ameshikwa na mama. Dada aanzie mbali, pale mbwa anapomwona bila kukakamaa, tuseme mita 5. Akipiga hatua kuelekea mkekani, mama anatoa kipande cha kuku wa kuchemsha, kidogo kama punje ya mahindi. Akirudi nyuma, nyama inakoma.

Dada atangulie, nyama ifuate. Mkigeuza, mbwa atajua nyama ni mtego. Dakika 5, mara mbili kwa siku, na msogeze nusu mita baada ya siku mbili tulivu. Akinguruma, mmekwenda haraka, rudini nyuma. Chakula cha jioni cha mbwa akitoe dada.

Jibu 3: Daktari wa mifugo amwone kabla ya yote. Sikio lenye usaha au nyonga inayouma, na aina hii husumbuliwa sana na nyonga, humfanya mbwa awe mkali. Kumhasi hakuondoi hofu. Chanjo ya kichaa iwe haijapita muda.

Akiuma au kukwaruza: maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo hata kama kachanjwa. Mbwa msimuue, afungwe, aangaliwe siku 10.

Muulizaji: Nimeelewa. Usiku je, alale chumbani kwa mtoto?

Jibu 1: Hapana. Mlango ufungwe, alale nje ya chumba. Mchana wakiwa pamoja, mtu mzima awe karibu kiasi cha kuwafikia kwa mkono, na simu aiweke chini.