Mkono wa roboti wa kushika vitu chini ya maji, vidole viwe vigumu au laini?

Mwana_Uyole: Wakuu naombeni msaada, natengeneza mkono wa roboti wa kuokota nyavu zilizopotea na mawe, nataka nikaujaribu Matema kule Ziwa Nyasa. Vidole vitatu vya aluminiamu, vinavutwa na sevo (mota ndogo unayoiamuru izunguke hadi pembe fulani). Jana nimeuzamisha kwenye pipa, maji yakaingia kwenye mota ikafa hapohapo, na kabla ya hapo yai la kuchemsha nililolijaribu kulishika lilipasuka kwa vidole. Nakosea wapi?

Fundi_Mafinga: Pole mkuu. Sili (mpira wa kuzuia maji) ya shafti inayozunguka ndo inavujaga, na kila ukishuka mita 10 presha inapanda kama baa 1, yaani karibu sawa na presha ya hewa ya kawaida. Jaza boksi la mota oili nyepesi isiyopitisha umeme, pembeni weka kifuko laini cha mpira, presha ya ndani na nje inakuwa sawa maji hayalazimishi kuingia. Tumia mota isiyo na brashi (vile vipande vya kaboni vinavyosuguana ndani kupeleka umeme).

Kyela_ndo_home: Mi ningeachana na chuma kabisa. Vidole vya silikoni, ndani mfereji unaopampu maji hayohayo ya ziwa, upande mmoja gundisha kitambaa kisichovutika basi kidole kinapinda kuelekea huko, mota inabaki mbali. 2015 watafiti walichukua sampuli za matumbawe Bahari ya Shamu kwa vidole laini hivihivi. Jaribu na parachichi bivu la Tukuyu. Ila mawe yana mwani yanateleza, weka mikunjo kama ya tairi maji yapate pa kutokea.

Mwana_Uyole: Asanteni sana wakuu, na nyavu je?

Kyela_ndo_home: Nyavu weka ndoano butu, usikabe.