Tupeane uzoefu: uliwahi kujitolea kwenye shule za misheni au misaada ya Walutheri? Njoo utuambie ilikuwaje

Mzee wa Kwaya

Bwana Yesu asifiwe wakuu. Na wasio wa huko, salamu zenu.

Usharikani kwetu limetolewa tangazo: wageni wanakuja kutoka Marekani, watajitolea wiki mbili kwenye sekondari ya dayosisi. Kwaya ijiandae, akina mama wapike, vijana wapake chokaa mawe ya barabarani. Nikawa najiuliza kimoyomoyo, hawa wanaopika na kupaka chokaa, na yule mwalimu anayefundisha fizikia pale bila mshahara, wao wanafanya nini kama si kujitolea? Mbona kwenye risala hawamo?

Sina ugomvi na wageni. Hili kanisa letu la Kilutheri Tanzania, KKKT, tangu makanisa saba yaungane 1963, lina jasho la Wajerumani, Waskandinavia na Wamarekani, na lina jasho la bibi zetu waliobeba mawe ya msingi kichwani. Jasho la wageni lina picha na majina ukutani. La bibi zetu halina.

Uzi huu ni wa wote, uliyetoa na uliyepokea, wa hapa nyumbani na wa ng'ambo. Ombi langu moja: ushuhuda wa kupamba uache madhabahuni, hapa lete kilichotokea.

BintiHehe

Shikamoo mzee. Mimi nimekaa pande zote mbili kwa hiyo nivumilieni, nitaandika marefu.

Nimesoma sekondari ya dayosisi, Iringa. Baba alifariki nikiwa darasa la sita, ada yangu ikalipwa na usharika mmoja wa Minnesota kupitia Bega kwa Bega, ule uhusiano wa Dayosisi ya Iringa na sinodi ya Saint Paul ulioanza 1987. Kila mwaka tunakalishwa bwaloni kuandika barua kwa wafadhili. Mwalimu wa Kiingereza anasahihisha, unaandika upya, anasahihisha tena, mpaka barua zote zinafanana: naendelea vizuri, nampenda Mungu, nalipenda somo la sayansi. Mimi sayansi nilikuwa siiwezi wala siitaki. Siku mfadhili wangu alipokuja, bibi mmoja mwenye magoti mabovu aliyeshuka kwenye gari kwa kushikiliwa, alinikabidhi kitabu kikubwa cha kemia alichokibeba kutoka kwao. Nikashindwa kunyamaza, nikamwambia. Alicheka mpaka akakaa chini. Baadaye ilikuja bahasha ya vitabu vya hadithi, na tangu hapo barua zangu nikawa naandika mwenyewe.

Nilipomaliza chuo niliomba ajira ya ualimu serikalini kupitia TAMISEMI, majina yakatoka, langu halimo. Nikarudi shuleni pale pale kufundisha Kiswahili na historia. Nilipewa chumba, nikawa nakula mahindi na maharage ya wanafunzi, na mwisho wa mwezi mkuu wa shule ananipa alichonacho, hela ya sabuni na vocha. Kipindi hicho akaja kijana wa Kimarekani kufundisha kompyuta. Mtoto mzuri, hana makuu, ugali anakula kwa mkono. Siku anaaga alichinjiwa mbuzi, akavishwa mgolole, risala ikasomwa, picha zikapigwa. Mimi ajira ilipotoka niliondoka na basi la saa kumi na mbili asubuhi, aliyenibebea begi ni mpishi wa bweni.

Simlaumu yule kijana, na kusema kweli yeye ndiye aliyewahi kuniuliza, "Na wewe unalipwa na nani?" Viongozi wetu hawakuwahi kuniuliza hilo.

Halafu kuna jambo watu hawalisemi. Elimu bila malipo ilipoanza serikalini 2016, shule nyingi za makanisa zilitikisika. Wazazi wakahamisha watoto, na wafadhili wakaanza kuhoji kwa nini walipe ada wakati kuna shule ya bure. Jibu la mkuu wetu lilikuwa kwamba ile ya kata haina bweni, na binti akipanga geto mtaani ili awe karibu na shule, kidato cha nne wengi hawafiki. Wafadhili wengine walielewa, wengine walijitoa.

Mnyalu Halisi

Dada umesahau zile printa za volti 110 walizotuletea. Ya kwanza tulichomeka ukutani moja kwa moja, ikatoa moshi na harufu, darasa zima nje.

Kaka wa Kashozi

Mimi nilienda upande wa pili. Vijana wa Kijerumani wanakuja kwetu kwa weltwärts, mpango wa kujitolea wa serikali yao, tangu 2008, na miaka kadhaa baadaye mpango huo ukafungua mlango na sisi twende kwao. Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ni mwanachama wa UEM, umoja wa makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani wenye makao Wuppertal, na ndiyo njia niliyopitia. Nikapangiwa nyumba ya wazee karibu na huko.

Kwa Mhaya kuogesha mzee wa watu asiye baba yako ni mtihani. Kuna mzee mmoja alinikatalia wiki nzima, akiniona anageukia ukutani. Sikumlazimisha, nikawa nampelekea kahawa na keki yake ya mchana naondoka. Siku moja akanionyesha kiti, akatoa karata, akaanza kunifundisha mchezo wao wa Skat kwa Kijerumani ambacho nusu sikukielewa. Nilifungwa kila siku. Ila baada ya hapo hakutaka kuogeshwa na mwingine.

Sasa mzee wa kwaya, nikujibu swali lako. Kule mimi wa kujitolea nilikuwa na mkataba, bima ya afya, posho ya kila mwezi, likizo, semina za kutuuliza tunaendeleaje. Mbuzi sikuchinjiwa, na sikumhitaji. Nimerudi nyumbani nakuta mwenzangu anafundisha shule ya kanisa, akiugua malaria anachangiwa na walimu wenzake. Kama tunataka kuiga jambo la wazungu, tungeanza na bima.

Mama Mnada

Hapo kwenye bima nasema amina mara mbili. Mimi kazi yangu ni mnada baada ya ibada. Bati za bweni la wasichana zimetokana na kuku, ndizi, mayai na boga moja lililouzwa na kurudishwa mezani mpaka likaanza kulegea. Aliyelinunua mwisho simtaji, ila alilipa kuliko bei ya mbuzi na boga hakulichukua.

Mhangaza

Mimi ni wa Ngara. Vijana wa leo hawajui ilivyokuwa mwishoni mwa Aprili 1994, watu kama robo milioni walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi kutoka Rwanda. Wakajaa kambi ya Benaco, jina lililoachwa na kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara. Mashirika makubwa yalikuja, TCRS pia, shirika ambalo Walutheri walilianzisha 1964 kwa ajili ya wakimbizi hawa hawa wa nchi jirani. Lakini kabla malori hayajafika, waliotoa mihogo na maji ni wanakijiji.

Nilikuwa kijana, nikaingia kwenye kugawa chakula. Unapima mahindi kwa kopo, na macho ya watu wote yako kwenye kopo. Ukijaza likamwagika kidogo kwa mmoja, wa nyuma wanaona. Tulijifunza kufuta juu kwa kipande cha ubao, kila kopo sawa. Kuni ndizo zilitugombanisha na wageni wetu baadaye, milima ilibaki wazi. Nalo tulisema kwenye vikao mpaka tukachoka.

Tumaini254

Hamjambo, naandika kutoka Kenya. Fungamano la Kilutheri Duniani liko kambi ya wakimbizi ya Kakuma tangu 1992, wakati wale vijana wa Sudan walipofika kwa miguu, na ndilo linaloendesha shule za msingi kambini. Nilifundisha huko. Darasa la chini unaweza kupata watoto zaidi ya mia, upepo wa Turkana unaingia na mchanga, chaki haishiki. Walimu wengi ni wakimbizi wenyewe, wanapewa posho ndogo kwa sababu sheria haikuwaruhusu kuajiriwa kama sisi. Tunafanya kazi ile ile, yeye anajua lugha tano na mimi mbili. Hesabu hiyo ilikuwa inaninyima raha kila mwisho wa mwezi, na sikuwa na la kumwambia.

Mama wa Minneapolis

Wapendwa, nami nichangie kutoka huku theluji. Kanisani kwetu kuna kikundi cha akina mama, wengi wamepita miaka sabini, wanakutana kushona mablanketi ya viraka kwa ajili ya Lutheran World Relief, shirika lililoanza 1945 kusaidia Ulaya iliyobomolewa na vita. Mimi Mtanzania pekee. Nilidhani ni kazi ya kupoteza muda, kumbe kuna masharti: inchi 60 kwa 80, tabaka la juu viraka, katikati shuka kuukuu au blanketi lililochoka, kisha yanafungwa pamoja kwa mafundo ya uzi mzito. Pia tunashona mifuko ya mgongoni ya kutia madaftari, rula, penseli na kalamu za rangi kwa mwanafunzi.

Wananiuliza huwa yanafika kweli? Nami najiuliza. Kuna aliyewahi kulipata humu?

Mrundi wa Kasulu

Mama, mimi nililipata la namna hiyo kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, 2015. Tulitoka Kagunga kwa meli Liemba, watu wakiugua kipindupindu, tukafikia kwenye lile banda la pamoja, familia nyingi bila ukuta. Aliyelishona simjui. Usiku watoto walijifunika, mchana mke wangu alilitundika kwa kamba likawa pazia, apate pa kubadilisha nguo. Kati ya vyote nilivyopewa, hilo ndilo sikuliuza. Waambie fundo moja tu lilifunguka.

Mama wa Minneapolis

Nitawasomea neno kwa neno. Hilo la fundo watabishana ni la nani.

Kijana wa Jimbo

Mimi nitakuwa mfupi. Maporomoko ya tope ya Hanang, Desemba 2023, watu zaidi ya 80 walifariki. Sisi vijana wa Arusha tulikusanya nguo, tukajaza lori, tukashuka Katesh. Kwenye kufungua marobota tukakuta viatu virefu vya visigino, shela la harusi, suti za watoto za ubatizo, viatu vya mguu mmoja. Mama mmoja amesimama na ndala za kuazima, tope mpaka magotini, anatutazama. Alichohitaji ni sufuria, koleo na kanga. Siku iliyofuata tulipiga simu nyumbani, tukasema acheni nguo, tumeni hela tununue Babati. Waliolalamika walikuwepo, wakisema hela zitaliwa. Tukawapa risiti za sufuria.

Mzee wa Kwaya

Asanteni sana, sikutegemea uzi ufike hapa. Swali la vitendo: wageni wetu wanasema wanataka kutuma kontena la vitanda vya bweni na vitabu, na mmoja wao abaki mwaka mzima. Anayejua taratibu?

Wakala Bandarini

Shikamoo mzee. Kazi yangu ni kutoa mizigo, na mizigo ya makanisa huwa naifanya bila ada yangu.

Anayebaki mwaka mzima asije na viza ya matembezi akaanza kufundisha. Aombewe kibali cha ukaazi daraja C, ndilo la wamisionari, wanafunzi na wanaojitolea, na mwombaji awe dayosisi. Waanze mapema akiwa bado kwao.

Kontena ndiyo shughuli. Msamaha wa kodi unaombwa kwa jina la mpokeaji, na karatasi zianze kutembea kabla meli haijaondoka, maana muda wa bure bandarini ukiisha, ghala inahesabu kila siku. Niliwahi kushika kontena la shule moja ambapo gharama za kusubiri zilizidi thamani ya madawati yaliyomo. Sababu? Orodha iliandikwa "vitu mbalimbali vya msaada", na walipofungua wakakuta dawa zilizopita muda na magodoro yaliyotumika. Kila boksi liandikwe kilichomo na idadi. Dawa zisichanganywe na chochote.

Na vitanda, mzee, waulize mafundi wa hapo kwanza. Chuma kipo, mafundi wa kuchomelea wapo, na kitanda cha hapo kikivunjika fundi wake yupo. Vitabu walete, ila viendane na mtaala wetu. Yeyote mwenye orodha aniandikie PM kabla mzigo haujafungwa, naipitia bure.