Parachichi safi mtini, bovu baada ya kuiva: ugonjwa huingia lini?

Mkulima wa Bahati, Nakuru
Habari zenu wakulima wenzangu. Nilichuma maparachichi ya Hass yakiwa magumu na ganda safi kabisa, lakini yalipoanza kulainika yalitokea madoa meusi ya mviringo, na nilipokata moja nikakuta uozo wa kahawia umezama hadi ndani ya nyama. Je, kuvu hii iliingia ghalani?

Mwalimu wa Kilimo, Kisumu
Pole sana, ndugu yangu. Hiyo ni dalili ya chule, ugonjwa wa kuvu unaoozesha matunda, na kuvu yake iliingia shambani. Matone ya mvua hurusha vijimbegu vya kuvu kutoka kwenye matawi makavu hadi kwenye tunda changa, ambako huota, hupenya kidogo, kisha hulala kwa miezi. Kinachoilaza kuvu ni kemikali iitwayo dieni, ambayo tunda lenyewe huitengeneza katika ganda lake. Maadamu tunda ni gumu, kemikali hiyo hutosha kuizuia, lakini tunda linapoiva kemikali hiyo huvunjwavunjwa, na hapo kuvu huamka. Nalistaajabia sana tunda linaloweza kujilinda hivyo.

Mama Maembe, Siaya
Embe bichi nalo lina kinga ya aina hiyo katika ganda na utomvu wake, nayo hupungua likiiva. Mimi hupogoa matawi makavu kabla ya mvua za Machi na kuyaondoa shambani.

Mkulima wa Bahati, Nakuru
Ahsanteni sana. Matawi makavu ninayo mengi. Nitaanza nayo kesho.