Amarone: asili yake na utunzaji Bagamoyo

Kaunta_Bagamoyo: Wakuu, wageni wanauliza, kwa nini Amarone, ule mvinyo mwekundu wa Italia, maana yake uchungu? Na mbona bei kali?

Mzabibu: Unatoka Valpolicella, karibu na Verona. Mvinyo wa kale wa huko ni Recioto, mtamu. Hamira ikila sukari yote unabaki mkavu, yaani bila utamu, ndipo wakauita "amaro", chungu. Zabibu, hasa aina ya Corvina, huanikwa vichanjani miezi mitatu hadi minne, zinyauke hadi ngozi ijikunje. Uzito hupungua kama theluthi. Unyevu ukizidi, ukungu unaziharibu. Bei inaanzia hapo.

Pwani_Tanga: Naongezea, mkuu: kilevi si chini ya asilimia 14, na una DOCG, daraja la juu la mvinyo wa Italia, tangu 2010. Kwa joto letu usiuache kaunta! Laza chupa, nyuzi 12 hadi 16, mezani 18. Kizibo kikichomoza, huenda mvinyo umeshaharibiwa na joto.