Wanafunzi wanataja sehemu zote za ramani, ramani yenyewe hawaisomi. Nianzie wapi?

chakinyeupe

Habari za kazi wakuu. Darasa langu lina wanafunzi 45 wa miaka 11 hadi 13. Vifaa ni globu moja, ramani ya dunia ya ukutani, na kopi za kipande cha ramani ya topografia ya 1:50,000.

Ukiwauliza mambo ya msingi ya ramani wanayamwaga yote bila kukwama: jina, ufunguo, kipimio, fremu, dira. Wape sasa hiyo ramani waseme daraja liko umbali gani kutoka shuleni na liko upande gani, darasa zima kimya. Wengi wanaamini kaskazini ni "juu". Wengine wanapima sentimita 7 kwa rula na kuandika kilomita 7. Hata wale wachache wanaokokotoa vizuri wanapata kilomita 3.5, ilhali majibu niliyo nayo yanasema 5, na sioni wanakosea wapi. Marejeo ya gridi (namba za kutaja mahali kwa mistari ya miraba ya ramani) ndiyo usiseme, nusu ya darasa wanageuza namba.

Nina vipindi 8 vya dakika 40. Nianze na nini, na kipi nikiweke kando kwa sasa?

bikari_na_rula

Mwalimu, hizo kopi zifungie kabatini kwa vipindi vitatu vya kwanza. Ramani iliyochapishwa ni matokeo ya kazi ambayo mwanafunzi hajawahi kuifanya: kutazama eneo kutoka juu, kulipunguza, na kuamua kipi kichorwe na kipi kiachwe. Akiifanya mara moja kwa mkono wake, ile orodha ya jina, ufunguo na kipimio hatahitaji kuikariri.

Kipindi cha kwanza, weka mezani kikombe, kitabu na kisanduku. Wavichore kwa kuvitazama ubavuni, halafu wasimame wavichore kwa kuvitazama kutoka juu kabisa. Kikombe kinakuwa duara lenye kijistari cha mkono, kitabu kinakuwa mstatili. Kisha wachore meza yenyewe kutoka juu. Nusu yao watachora miguu ya meza. Usiwasahihishe kwa maneno. Waambie wainame juu ya meza waitafute hiyo miguu.

Kipindi cha pili na cha tatu, darasa lenyewe. Tuseme lina mita 8 kwa 6. Kwa kipimio cha 1:50, sentimita 1 ya karatasi ni sentimita 50 za sakafu, hivyo chumba kinakuwa sentimita 16 kwa 12 na kinaenea kwenye ukurasa wa A4. Vikundi vya watano: wawili wanapima, mmoja anaandika, wawili wanachora. Kama huna futi kamba ya kutosha, tumia hatua. Pima mita 20 uwanjani, mtoto atembee mwendo wake wa kawaida mara tatu akihesabu, mchukue wastani. Akipata hatua 32, hatua yake ni kama sentimita 62. Wanaojikaza kupiga hatua ndefu ndio wanaoharibu vipimo, maana hawawezi kuirudia hatua hiyo hiyo.

Sasa utamu wenyewe. Wakishamaliza, waambie wachore chumba kile kile kwa 1:1,000, kipimio kinachotosha kuingiza eneo lote la shule lenye mita 120 kwa 80 kwenye sentimita 12 kwa 8. Chumba kinabaki milimita 8 kwa 6. Waulize madawati yatakaa wapi. Halafu wakokotoe kitakuwaje kwa 1:50,000: mita 8 zinakuwa milimita 0.16, nyembamba kuliko ncha ya penseli yao. Hapo hutahitaji kueleza kwa nini shule kwenye ramani ni alama tu, wala kwa nini 1:50 huitwa kipimio kikubwa na 1:50,000 kidogo. Hilo la pili huwachanganya hata walimu, kwa sababu 50,000 inaonekana kubwa. Andika ubaoni kama sehemu, 1/50 na 1/50,000, waulize ipi kubwa.

mpimaji_wa_zamani

Nakubaliana na bikari. Mimi nimeshikwa na hiyo 3.5 dhidi ya 5. Kabla hujawalaumu watoto, chukua rula upime upande wa mraba mmoja wa gridi kwenye kopi zako. Kwenye ramani ya 1:50,000 yenye gridi ya kilomita moja, kila mraba lazima uwe na sentimita 2 kamili. Usipofika 2 au ukizidi, kopi imepunguzwa au imekuzwa na ule uwiano uliochapishwa chini hauna kazi tena. Mashine ikipunguza A3 kuwa A4 inabakiza takriban asilimia 71 ya urefu, na namba "1:50,000" inabaki pale pale ikidanganya. Kipimio cha mstari, ule mstari uliogawanywa kwa kilomita kwenye ramani, ndicho hakidanganyi, kwa sababu kinapungua na kukua pamoja na ramani. Kwa sababu hiyo hiyo, ukirusha ramani ukutani kwa projekta, uwiano umekufa lakini mstari uko hai.

Kuhusu sentimita 7 kugeuka kilomita 7: wasianze na kuzidisha. Wachukue ukanda wa karatasi wenye ukingo ulionyooka, waweke alama mbili mahali A na B zilipo, kisha waupeleke ukanda kwenye kipimio cha mstari na kusoma. Hesabu ije baadaye, nayo iwe ya hatua moja: kwa 1:50,000, sentimita 1 ni mita 500. Anayegawanya kwa 100,000 kila mara atapoteza sifuri njiani.

Makosa ya rula yanayojirudia:

– Kuanzia ukingo wa rula badala ya kwenye sifuri. Rula nyingi zina milimita kadhaa kabla ya sifuri, na milimita 4 kwa 1:50,000 ni mita 200.
– Kupima kutoka kwenye jina lililoandikwa. Jina huandikwa palipo na nafasi. Mahali penyewe ni pale penye alama.
– Kupima upana wa barabara. Mstari wa milimita 1 ungemaanisha barabara ya mita 50! Barabara hunenepeshwa ili ionekane, hivyo urefu wake upimwe, upana uachwe.

Kwa barabara yenye kona, ukanda ule ule wa karatasi unazungushwa kila penye kona: weka alama, bana kwa ncha ya penseli, zungusha, endelea. Uzi nao unafaa ila usiwe wa kuvutika. Na eneo likiingia, wakumbushe kwamba sentimita mraba 1 hapo ni kilomita mraba 0.25. Kila darasa lina watakaoandika 0.5.

kusi_na_kaskazi

Hiyo ya kaskazini kuwa "juu" inatokana na ramani ya ukutani. Ishushe. Ilaze sakafuni, igeuze mpaka kaskazini yake ielekee kaskazini halisi, watoto wasimame kuizunguka. Juu ni angani, kaskazini ni kule. Kisha waulize Mto Naili unatiririka kwenda wapi. Ramani ikiwa ukutani, wengi wanakataa kata kata kwamba maji yanakwenda kaskazini, kwa sababu yanaonekana "yanapanda".

Kaskazini yenyewe waitafute kwa kivuli. Simika kijiti cha mita moja kwenye ardhi tambarare, ukihakikishe kwa timazi. Saa 4 asubuhi weka kokoto kwenye ncha ya kivuli. Funga kamba kwenye shina la kijiti, ipime hadi kwenye kokoto, uchore duara. Kivuli kitafupika, kisha kitarefuka tena mchana. Ncha yake ikigusa duara kwa mara ya pili, weka kokoto nyingine. Kokoto ya kwanza iko magharibi, ya pili mashariki. Simama magharibi ikiwa kushoto kwako, unatazama kaskazini. Kikwazo ni muda, zoezi linahitaji ziara mbili zinazopishana kwa muda wa kama saa nne, kwa hiyo lipangie siku yenye kipindi asubuhi na mchana, au tuma wawili waliweke jiwe la pili wakati wa mapumziko.

Tahadhari mbili. "Jua linachomoza mashariki" ni kweli kamili karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba tu. Hata kwenye Ikweta, Juni na Desemba linachomoza takriban nyuzi 23 pembeni ya mashariki halisi. Vilevile usiwaambie kivuli cha adhuhuri huelekea kaskazini. Kati ya Tropiki ya Kansa na Tropiki ya Kaprikoni kinabadili upande kufuatana na majira.

Dira ya sumaku ni nzuri ila iachwe mbali na madawati ya chuma, funguo na simu. Haionyeshi Ncha ya Kaskazini halisi, na tofauti hiyo hubadilika kwa mahali na kwa miaka. Kwenye ramani za topografia huchapishwa pembeni.

mwanaglobu

Mbona globu imesahaulika? Mimi ningeanza nayo. Mtoto akijua dunia ni tufe, mengine yote yanakaa mahali pake.

bikari_na_rula

Mwanaglobu, globu ije kipindi cha saba. Latitudo ni pembe inayopimwa kutoka katikati ya dunia, na mtoto ambaye hajaweza kupunguza darasa lake mwenyewe kwenye karatasi hawezi kuishika pembe ambayo haioni. Ikifika zamu yake, chora mpira kwa kalamu: duara la Ikweta, na mistari ya longitudo inayokutana kwenye ncha mbili. Waone kwamba latitudo hazikutani kamwe. Digrii 1 ya latitudo ni kama kilomita 111 popote. Ya longitudo ni kama 111 kwenye Ikweta, kama 56 tu ukifika latitudo ya 60, na sifuri kwenye ncha. Kisha walinganishe Greenland kwenye globu na kwenye ramani ya ukutani, kama ramani yako ni ya mtindo wa Mercator wa 1569. Afrika ni kubwa mara 14 hivi kuliko Greenland, na pale ukutani zinakaribia kulingana.

chakinyeupe

Nawashukuru sana. Bado gridi, na je, kontua (mistari inayounganisha sehemu zenye kimo sawa) niziguse au niziache?

mpimaji_wa_zamani

Gridi: wanageuza namba kwa sababu tumewafundisha mifumo miwili yenye mpangilio unaopingana, wiki moja! Kwenye latitudo na longitudo tunataja kwanza kaskazini au kusini. Kwenye marejeo ya gridi tunataja kwanza mashariki. Vitenganishe kwa wiki mbili ukiweza. Kwa gridi wape msemo mfupi: tambaa kwanza, ndipo ukwee. 346127 inasomwa hivi: tambaa hadi mstari wa 34, ongeza sehemu 6 kati ya 10 za mraba, kwea hadi mstari wa 12, ongeza sehemu 7. Kosa la pili ni kuchukua mstari ulio karibu zaidi. Mraba hutajwa kwa mstari wa kushoto kwake na wa chini yake, hata kama kitu kimesogea kabisa upande wa kulia.

Igizeni sakafuni kwanza: chora mistari kwa chaki, mtoto atembee mwenyewe. Tarakimu nne kwanza, sita baadaye.

Na kama wanatumia simu, waonyeshe kwamba -6.5 ni digrii 6 na dakika 30 kusini. Wataandika digrii 6 na dakika 5.

kusi_na_kaskazi

Kontua ziguse, kipindi kimoja kinatosha. Finyanga kilima cha udongo chenye kimo cha sentimita 10, upande mmoja mkali, mwingine wa taratibu, na bonde moja ubavuni. Kiweke kwenye beseni. Mimina maji hadi sentimita 2, kwaruza udongo kwa msumari pale maji yalipoishia, ongeza 2 nyingine, kwaruza tena, mpaka kileleni. Mwaga maji, watazame kutoka juu wachore wanachokiona. Mistari iliyobanana ni ule upande mkali. Kwenye bonde mistari inajikunja na kuelekeza ncha kwenye mwinuko. Udongo uwe umekauka kidogo la sivyo unamomonyoka kabla ya mstari wa tatu.

Mteremko na hesabu zake uweke kando hadi muhula ujao.

chakinyeupe

Mpimaji, nimetoka kupima sasa hivi. Mraba una sentimita 1.4.

mpimaji_wa_zamani

Basi 7 ukigawanya kwa 1.4 unapata 5. Wale wachache walikuwa sahihi kwa namba waliyopewa. Futa ule uwiano kwa kalamu kwenye kopi zote, uandike 1:71,000, au utumie mstari peke yake. Ukitoa kopi nyingine, iambie mashine asilimia 100 na ukate ramani vipande viwili.