Bantamu (kuku wa aina ndogo) gani wanafaa uani, pwani ya Tanga?

Uani_Tanga
Wadau, habari. Nina uwanja wa mita 4 kwa 3 na banda tayari. Nataka bantamu sita, jogoo mmoja na tetea watano, kwa mayai ya nyumbani na watoto waweze kuwashika. Nachagua kati ya Pekin, Silkie, Sebright na Serama. Nani anavumilia joto na masika?

FundiBanda
Salama ndugu. Sebright muache. Ni mzuri mno, kila unyoya una ukingo mweusi, ila hutaga kidogo, hapendi kushikwa na ukuta anauruka. Isitoshe jogoo wake hana manyoya marefu ya shingo na mkia, anafanana na tetea. Anayenunua kwa kutazama mkia huletewa majogoo watatu.

Pekin ni mpole na haruki. Uzio wa futi mbili humzuia. Tabu ni miguu yenye manyoya hadi vidoleni: masika tope linagandamana na utitiri wa magamba (wadudu wadogo wanaoingia chini ya magamba ya mguu) unajificha humo. Mwaga mchanga mkavu sentimita 10 chini ya paa. Kila wiki mbili fumbua manyoya. Magamba yakiinuka na kutoa unga mweupe, osha mguu kwa maji vuguvugu na sabuni, sugua kwa mswaki laini, paka mafuta ya mgando, rudia kila baada ya siku 3 kwa wiki tatu. Mafuta ya taa hapana, yanaunguza ngozi. Mayai yasipoangua, punguza manyoya ya nyuma ya jogoo na tetea; mara nyingi ndiyo yanayozuia mbegu.

Mama_Vifaranga
Naongezea Silkie. Manyoya yake ni kama sufi, hayatiririshi maji, akilowa anatetemeka na huweza kufa kwa baridi. Kichanja kisizidi sentimita 30, wengi hulala chini. Kifaranga mwenye kishungi ana fuvu laini juu. Akidonolewa hapo huweza kufa, kwa hiyo usimchanganye na wakorofi. Ila kwa kuatamia hana mpinzani: mpe mayai 6 hadi 8 ya bantamu, mengi huanguliwa siku ya 19 au 20. Ubaya, kila akiatamia hatagi. Ukitaka aache, mweke siku 3 au 4 kwenye kizimba chenye sakafu ya wavu, bila maranda, chakula na maji viwepo.

Serama ametoka Malaysia, joto halimsumbui, lakini hafiki hata nusu kilo. Pwani yetu ina kunguru: bila wavu wa juu, vifaranga wake wataliwa mchana kweupe.

Uani_Tanga
Asanteni. Basi Pekin wanne na Silkie mmoja wa kuatamia, jogoo awe Pekin?

FundiBanda
Sawa kabisa. Hesabu gramu 50 za chakula kwa kila mmoja kwa siku, na makombe ya baharini yaliyopondwa kwenye chombo chake. Usitarajie makubwa: Pekin hutaga mawili au matatu kwa wiki, na mawili yake ni kama moja la dukani.

Wakifika, watenge wiki tatu. Chanjo ya kideri (ugonjwa wa Newcastle) aina ya I-2 ni tone moja jichoni, kila miezi mitatu. Ibebe kwenye barafu, na anayeumwa usimchanje.