Naomba ushauri: kibali cha kumuona mdogo wangu gereza la Kasapa, Lubumbashi

Yaya wa Katuba: Jambo kwenu wote. Mdogo wangu, tumbo moja na mimi, alikamatwa wiki tatu zilizopita. Wanasema ameiba nyaya za shaba pale kazini. Alilala kwa polisi, akapelekwa parke (ofisi ya waendesha mashtaka), sasa yuko Kasapa. Jana nilipanda taksi-bisi na bakuli la bukari (ugali) na sombe (majani ya muhogo). Mlangoni wakaniuliza kibali, sina. Nilirudi na bakuli mapajani, chakula kimepoa. Mama nimemdanganya kwamba mtoto anakula vizuri. Nje kuna mtu aliniambia nimpe falanga 50,000, kesho analeta karatasi. Karatasi hiyo inatoka wapi hasa? Na mdogo wangu ana pumu, pampu yake iko hapa mezani, naiangalia.

Mzee wa Kampemba: Mwanangu, usimpe huyo mtu hata falanga moja. Kibali kinatoka kwa mwenye dosie (faili la kesi), na dosie haitembei barabarani.

Karani wa avoka (wakili): Dada, pole sana. Kwanza jua mdogo wako yuko hatua gani. Kama bado hajahukumiwa, mwenye neno ni majistra anayechunguza kesi yake, pale parke. Akiisha kuhukumiwa, ombi linakwenda kwa direkta wa gereza. Watu wengi wanachanganya milango hiyo miwili, wanapoteza siku bure.

Nenda parke, uulize namba ya RMP, ndiyo namba ya dosie yake kwenye rejista ya parke. Bila namba hiyo utazungushwa asubuhi nzima. Andika barua fupi, kwa Kifaransa ni vizuri zaidi: jina lako, jina lake, undugu wenu, namba ya dosie, sababu ya kutaka kumuona. Ambatanisha fotokopi ya karte yako ya uchaguzi. Toa nakala mbili, moja wakupigie muhuri wa kupokea, ubaki nayo. Muhuri huo ndio utakaokusaidia wakisema barua haikuonekana.

Kuna jambo hukuuliza, lakini linanisumbua. Wiki tatu si kidogo. Hati ya muda ya kukamata ni ya siku 5. Baada yake jaji hutoa amri ya siku 15, halafu anaweza kuongeza mwezi mmoja mmoja. Kwa hiyo kikao cha kuongeza muda kimekaribia au kimepita juzi. Tafuta avoka sasa hivi, aombe mdogo wako aachiwe kwa muda. Kumuona gerezani ni vizuri, ila mahali pake ni nyumbani.

Mama wa mapacha: Yaya, mume wangu alikaa ndani miezi saba, najua safari hiyo. Chakula kiweke kwenye chombo kinachoonekana ndani. Walinzi wanachomeka kijiko hadi chini, na bukari ukilifunga kama zawadi linapasuliwa lote. Usivae nguo ya rangi ya askari. Simu iache nyumbani. Pampu usiitie ndani ya chakula! Ipeleke mkononi pamoja na karatasi ya daktari, uombe ifike kwa muuguzi.

Yaya wa Katuba: Asanteni, wapendwa. Mzee, nimemkatalia yule mtu, amenikasirikia. Kesho saa mbili niko parke. Mama wa mapacha, unaruhusiwa kumgusa mtu wako?

Mama wa mapacha: Siku ya kwanza nilimshika vidole tu. Vilikuwa vyembamba.

Yaya wa Katuba: Narudi kuwaambia. Namba ya RMP nimepata, barua imepokelewa na muhuri, siku mbili nikarudi nikakuta imesainiwa. Leo nimemuona, dakika chache. Karatasi ya daktari ilisomwa mara mbili, pampu ikapita kwa muuguzi. Ameniuliza habari za Mama kabla hajaniuliza chochote kingine. Jioni nimemwambia Mama ukweli wote, hata ule wa bakuli lililopoa. Avoka tumempata, kikao ni Alhamisi.